Oda za sabuni na skrapu kwenye Odoo: mawese yanapotelea wapi

Wadau mnaopika sabuni ya mche hapa Kigoma, wengi mmeshaanza kutumia Odoo, ile programu ya kompyuta ya kuendesha stoo na uzalishaji, ila sabuni ikiharibika kila mtu anaingiza anavyojua, mwisho wa mwezi kompyuta inasema mawese yapo kibao, ukienda stoo madumu matupu.

Kwanza fomula, yaani orodha ya malighafi na vipimo vyake. Mawese, kostiki soda, maji, kila kitu weka kwa kipimo unachopimia kweli. Kama unanunua dumu la lita 20 pale Kibirizi ila jikoni unapima kilo, ingiza kilo, maana lita 20 za mawese ni kama kilo 18 tu.

Alafu fungua oda ya uzalishaji, andika idadi ya miche, thibitisha. Hapo mfumo umetenga malighafi tu, kuzitoa stoo mpaka ufunge oda.

Sasa hapa ndo watu wanapigwa. Umeandika miche 200, zimetoka 188, unabadilisha idadi unafunga. Mfumo nao unapunguza mawese kulingana na hizo 188 wakati wewe ulishamwaga mafuta ya 200 kwenye pipa! Kwaiyo kabla ya kufunga shuka kwenye malighafi uandike kiasi ulichotumia kweli. Ukiulizwa kuhusu oda ya kumalizia zile 12 kataa kama hupiki tena, la sivyo itabaki inaning'inia tu.

Skrapu yenyewe, yaani kutoa kilichoharibika kwenye hesabu ya stoo, ni rahisi. Dumu limevuja au kostiki imeingia unyevu ikawa jiwe, ingia kwenye oda ileile kabla hujaifunga, bonyeza kitufe cha skrapu, chagua malighafi, andika kiasi. Mche uliomeguka wakati wa kupaki unaupiga skrapu oda ikishafungwa. Na kuwa makini na namba, skrapu ukishaithibitisha haifutiki.

Vile vipande vya pembeni unavyokata na kurudisha kwenye pipa sio skrapu jamani. Ukivipiga skrapu umevitoa kwenye stoki, kesho unavipika na mfumo haujui vimetoka wapi, hapo gharama ya mche inakuwa ya uongo. Washa mazao ya ziada (by-products) kwenye seting, viweke kwenye fomula, alafu oda inayofuata viingie kama malighafi, na vipime kwa mizani usikadirie kwa macho.

Oda ukiifunga kimakosa haighairiki tena, tumia ile sehemu ya kuvunja oda, malighafi zinarudi stoo kwenye hesabu alafu unafungua nyingine.