Kumfundisha mtoto kulenga shabaha huku Texas: anza na wewe mzazi kwanza

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ila mimi kwenye hili la bunduki nakataa kabisa. Huku Texas watoto wetu wanasoma na watoto ambao baba zao msimu ukifika wako porini wanatafuta kulungu, Jumatatu wanasimuliana darasani, jioni mwanao anakuja kukuuliza baba na sisi lini. Binti yangu aliniuliza ana miaka 7. Nilikaa na lile swali mwaka mzima ndo nikampeleka, na huo mwaka karibu kazi yote ilikuwa yangu, yeye alikuwa anasubiri tu.

Kazi ya kwanza ni makaratasi yako, na hapa ndo naogopa zaidi kwa ajili ya watu wetu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, iwe ya kutembea, ya masomo au ya kazi kama H-1B, asishike bunduki wala risasi, na kushika ni kushika jamani, hata kama bunduki ni ya kukodi pale renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, kwa nusu saa na umelipia. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda lakini usiutegemee bila kuongea na wakili. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, ila naye akipatikana na hatia ya kosa la bunduki anaweza kurudishwa alikotoka, miaka yote aliyohangaika ikaisha hivyo. Kwa hiyo babu aliyekuja kuwaona wajukuu miezi mitatu, mwambieni kwa heshima kabisa, mzee wewe utakaa nyuma ya kioo utuangalie. Usimwambie "hebu nishikie kidogo".

Kwa upande wa mtoto, bunduki ndefu na bastola sheria haizihesabu sawa. Bastola, mtu wa chini ya miaka 18 sheria ya shirikisho haimruhusu kuwa nayo isipokuwa kwa mambo machache kama mazoezi ya shabaha au mafunzo, na hapo anatakiwa awe na ruhusa ya mzazi kwa maandishi, karatasi iwe naye muda wote. Kwa mtoto mdogo mimi nasema bastola iache kabisa. Mtutu wake ni mfupi, mtoto akigeuza kiganja kidogo tu kukuuliza kitu tayari unaangaliana nao. Na Texas yenyewe ina kosa la kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 afikie bunduki iliyo tayari kufyatuka, na akiifyatua mtu akaumia vibaya au akafa kosa linapanda daraja. Kuwa naye mtu mzima kwa ajili ya kuwinda au michezo ni utetezi unaokubalika, maana yake uwe naye kweli, sio uko kwenye gari unaongea na simu. Ukihamia jimbo lingine soma upya, kila jimbo lina yake. Na usidhani haya yanaishia kwenye faini. Kule Michigan baba na mama wa kijana aliyeua wenzake wanne shuleni Oxford mwaka 2021 walihukumiwa 2024 miaka 10 hadi 15 kila mmoja, na wao hawakufyatua hata risasi moja.

Sasa bunduki gani. Mwaka 2014 huko Arizona mtoto wa miaka 9 alipewa Uzi, ile bunduki fupi ya kivita, ikawekwa kwenye hali ya kumimina risasi mfululizo, ikamshinda nguvu ikapanda juu na mwalimu aliyesimama pembeni yake akafa. Mwalimu wa kazi yake, renji yenye kibali, wazazi wapo wanaangalia. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie ngoja aonje kitu kikubwa kidogo. Anza na bunduki ya upepo, halafu ile ya .22, yaani ya risasi nyembamba, ya saizi ya mtoto inayoingia risasi moja tu kwa wakati. Unampa risasi moja mkononi, anaiweka, anafyatua, imekwisha, hata akipagawa hakuna ya pili inayosubiri ndani.

Nyumbani tulifanya mazoezi wiki kadhaa bila risasi hata moja chumba kizima. Kila bunduki ihesabu ina risasi hata kama umeangalia sasa hivi. Mtutu usielekee kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole nje ya triga, kimelala ubavuni, mpaka macho yako yako kwenye shabaha. Na ujue nyuma ya shabaha kuna nini, maana hiyo .22 tunayoiita ndogo risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kitu ambacho sikukiona kwenye maelekezo yoyote ni lugha. Mimi nikisema "acha!" binti anaganda papo hapo, lakini msimamizi wa renji anapiga kelele "sizi faya!", yaani acheni kufyatua, na mtoto aliyezoea amri za Kiswahili anageuka kumwangalia baba yake usoni, akigeuka na bunduki inageuka. Mfundishe maneno yote mawili mpaka mwili uitikie wenyewe.

Siku yenyewe mvalishe shati lililofunga shingo na kofia yenye ukingo. Hili nimelijua kwa kuogopa. Jamaa aliyekuwa analenga pembeni yetu alikuwa anafyatua haraka haraka, ganda moja la risasi, la moto, likaruka likaingia kwenye kola ya binti yangu, akaruka na kuzunguka nusu duara bunduki ikiwa mikononi. Ilikuwa tupu kwa sababu ya ile risasi moja moja, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mtutu kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, sio pembeni napiga picha. Hadi leo nikikumbuka tumbo linanikata. Masikio mpe kinga mbili, viziba vya ndani na vifuniko vya juu, kwa sababu hata .22 inakaribia desibeli 140 na sikio likiharibika halirudi. Miwani ya kinga ni lazima. Na dakika 20 zinatosha, akianza kuangalia huku na huku fungasheni muondoke.

Kitu kingine wengi wanaruka ni sumu. Lugha yetu yenyewe imeshakwambia, risasi ni jina la madini pia, yale Waingereza wanayaita lead, na vumbi lake linabaki mikononi, kwenye nguo na viatu, na ubongo wa mtoto ndo unaumia nalo. Hakuna chipsi wala juisi pale, nawa mikono kwa sabuni kabla hajagusa mdomo, viatu vibaki mlangoni, nguo zifuliwe peke yake.

Mkirudi, bunduki kwenye sefu, risasi kwenye sefu nyingine, ufunguo uko na wewe, sio juu ya kabati. Mwaka 2013 Kentucky mtoto wa miaka 5 alimuua mdogo wake wa miaka 2 kwa .22 yake ya kitoto iliyokuwa imeegeshwa kwenye kona, familia wakidhani haina kitu. Mtoto aliyefundishwa bado ni mtoto, asifungue sefu bila wewe hata siku moja. Na akiiona bunduki kwa rafiki yake, asiiguse, aondoke pale, akamwambie mtu mzima. Kabla hajaenda kulala kwa watu mimi napiga simu, naulizia mzio wa chakula, naulizia mbwa, halafu naulizia kama kuna bunduki ndani na kama imefungiwa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu. Mpaka leo hakuna mzazi aliyenijibu vibaya, na mmoja aliniomba nisubiri kwenye simu akaenda kufunga ya kwake.