Pointi za Ndege Zinaposhuka Thamani: Jinsi ya Kuzipima, Kuzilinda na Kuzitumia kwa Wakati

Ukipokea barua pepe ya shirika la ndege inayosema mpango wake wa kuwapa wasafiri pointi za kukatia tiketi "umeboreshwa", ifungue siku hiyo hiyo na ushuke moja kwa moja hadi kwenye bei. Mara nyingi utakuta safari uliyokuwa ukiikusanyia pointi imepanda. Pointi zako hazijapungua hata moja, ila zinanunua kidogo kuliko jana.

Kazi yangu ni kuwasaidia wasafiri kutumia pointi zao, na wanaoumia zaidi ni wale waliojinyima kuzitumia wakisubiri safari moja kubwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Pointi za ndege zinaoza. Hazina riba, na anayezitoa ndiye huyo huyo anayepanga zinanunua nini. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anazo na hataki zimyeyukie mkononi.

Hatua ya 1: Fahamu nani anashika mpini

American Airlines ilianzisha mpango wake, AAdvantage, Mei 1981, na washindani wake wakaifuata upesi. Hesabu ya wakati ule ilikuwa nyepesi: unaruka, unahesabiwa maili (ndilo jina la pointi katika mipango mingi), zikifika kiwango fulani unapewa tiketi. Leo sehemu kubwa ya pointi haitokani na kuruka. Benki huzinunua kwa jumla kutoka kwa mashirika ya ndege na kuwapa wateja wa kadi zao. Biashara hiyo ni nono kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya Uviko-19, United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa dhamana ya mpango wake wa MileagePlus, na Delta ikakopa dola bilioni 9 kwa dhamana ya SkyMiles.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Pointi mpya huzaliwa kila mtu anapolipa kwa kadi, lakini viti vya ndege haviongezeki kwa kasi hiyo. Isitoshe, pointi ambayo haijatumika ni deni katika vitabu vya shirika. Njia rahisi ya kupunguza uzito wa deni hilo ni kupandisha bei ya tiketi kwa pointi.

Zamani upandishaji ulionekana wazi, kwa sababu kulikuwa na jedwali la bei: kutoka ukanda huu hadi ule, pointi kadhaa. Jedwali likibadilika, kila mtu aliona. Kisha majedwali yenyewe yakaanza kuondolewa. Delta iliondoa lake mwaka 2015, Flying Blue ya Air France na KLM ikaingia kwenye bei zinazopanda na kushuka mwaka 2018, United ikafuata mwaka 2019, na American ikaacha jedwali la safari zake yenyewe mwaka 2023. Siku hizi bei inaweza kupanda usiku bila tangazo lolote, na ndiyo maana nasisitiza sana hatua ya 4.

Usitegemee mahakama ikuokoe. Huko Marekani, kesi ya American Airlines dhidi ya Wolens ilihusu hasa jambo hili: mwaka 1988 shirika lilibadilisha masharti, na mabadiliko yakagusa hata maili ambazo watu walikwisha kuzikusanya. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wasafiri hawawezi kutumia sheria ya jimbo ya kumlinda mlaji, ila wanaweza kudai kwa msingi wa mkataba. Sasa fungua mkataba wa mpango wowote usome: karibu yote inaliachia shirika haki ya kubadilisha masharti litakavyo. Yasome mara moja, hata kama yanachosha, ujue umesaini nini.

Hatua ya 2: Orodhesha ulichonacho

Daftari la kawaida au lahajedwali, chochote unachokizoea. Kwa kila akaunti andika salio, lini pointi zinaisha muda, na jina la kuingilia. Usiandike nenosiri humo. Ukiweza kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, washa leo, maana wezi wa mtandaoni wanajua kuwa watu huchungulia akaunti ya benki kila siku na ya pointi mara chache mno.

Kuhusu kuisha muda, mipango haifanani. Maili za Delta na United hazina tarehe ya mwisho. Za American hufa baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, na za Qantas baada ya miezi 18. Aina hii inaokoka kwa urahisi: pata au tumia pointi chache tu, hesabu inaanza upya. Aina inayouma ni ile ya KrisFlyer ya Singapore Airlines, ambako maili huisha miezi 36 baada ya kuzipata, hata uwe unaruka kila wiki. Ziwekee alama nyekundu. Hizo ndizo za kutumia kwanza.

Hatua ya 3: Kokotoa pointi moja inanunua nini

Usikubali kauli ya "pointi zangu ni nyingi". Pointi 100,000 katika mpango mmoja zinaweza kukuvusha bahari kwenye daraja la biashara, na katika mpango mwingine zisitoshe hata safari ya kwenda tu. Fanya hesabu hii:

Chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kwa idadi ya pointi zinazotakiwa.

Tuseme tiketi inauzwa dola 480. Kwa pointi ni 30,000 pamoja na dola 60 za kodi. 480 toa 60 ni 420. Gawanya kwa 30,000, unapata senti 1.4 kwa pointi. Mwezi unaofuata safari ile ile, bei ile ile ya fedha, inadai pointi 42,000. Sasa ni senti 1.0. Salio lako halijaguswa, ila zaidi ya robo ya nguvu yake ya kununua imeondoka.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau hapa. La kwanza, ukilipa kwa fedha ungepata pointi za safari hiyo, na ukilipa kwa pointi kwa kawaida hupati kitu. Kama ungepata 2,000, gawanya 420 kwa 32,000 badala ya 30,000. Thamani inashuka hadi takriban senti 1.3. La pili ni bei ya kulinganishia. Kiti cha daraja la biashara kinaweza kuandikwa dola 5,000 na hesabu ikakuletea senti 6 au 7 kwa pointi, ukafurahi. Jiulize kwa ukweli: ungelitoa dola 5,000 mfukoni? Kama ungetoa 1,500 tu, basi tumia 1,500 kwenye hesabu. Mimi huwaambia watu waziwazi kwamba thamani ya pointi ni fedha iliyobaki mfukoni, si bei ya kwenye tangazo.

Angalia pia tozo. Yapo mashirika yanayotangaza bei ya pointi iliyo nafuu, halafu kwenye ukurasa wa malipo unakutana na mamia ya dola ya "tozo za shirika". Huo nao ni upandishaji wa bei.

Hatua ya 4: Chagua safari za kipimo na uzifuatilie

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na inakula muda mfupi sana.

Chagua safari tatu unazoweza kweli kuzifanya: moja fupi, moja ndefu, na ile ya ndoto yako. Kila mwezi tafuta bei yake kwa pointi, daima kwa umbali ule ule wa muda, kwa mfano miezi minne mbele, na siku ile ile ya wiki. Andika tarehe, pointi, tozo na bei ya fedha, kisha piga picha ya skrini. Tumia kalenda ya mwezi mzima kama tovuti inayo, kwa sababu siku moja peke yake inadanganya: Ijumaa kabla ya sikukuu itakuonyesha bei inayotisha ambayo haina uhusiano na hali ya kawaida.

Baada ya miezi michache safu ya takwimu itaanza kusema. Bei ya fedha ikipanda pamoja na ya pointi kwa kiwango kinacholingana, huo ni msimu au mafuta, pointi zako ni zile zile. Ya fedha ikitulia na ya pointi ikipanda miezi mitatu mfululizo, pointi zinapoteza thamani, hata kama hakuna aliyetangaza. Angalia vilevile kiti cha bei ya chini kabisa: kama zamani kilionekana siku kumi katika mwezi na sasa kinaonekana mbili, bei imepanda ingawa tangazo la "kuanzia pointi kadhaa" halijabadilika.

Hatua ya 5: Usihamishe pointi mapema

Kama unakusanya pointi za benki zinazoweza kuhamishiwa mashirika mbalimbali, kwa mfano za American Express au Chase, ziache huko mpaka siku umeona kiti na uko tayari kukikata. Zikishahamia kwenye shirika hazirudi, na kuanzia hapo uko chini ya huruma ya shirika moja. Benki nayo inaweza kubadilisha uwiano wa kuhamisha, kwa hiyo huu si ulinzi kamili, ila ni afadhali mlango wenye njia kadhaa.

Kununua pointi wakati wa punguzo? Nunua tu zile unazokosa ili kukata tiketi unayoiona mbele yako sasa hivi. Kuzinunua za kuweka ni kulipa fedha nzuri kupata kitu kinachochakaa.

Hatua ya 6: Tafuta kiti kile kile kwa njia nyingine

Mashirika yaliyo katika miungano ya Star Alliance, oneworld na SkyTeam huuziana viti. Kiti kilekile, ndege ileile, saa ileile, kinaweza kuwa na bei tofauti kabisa kwa pointi kulingana na mpango unaokatia. Kabla ya kukata tamaa kwa sababu shirika lako limepandisha bei, andika ni nani wabia wake na utafute safari yako kwenye tovuti zao. American iliacha jedwali la ndege zake, lakini ilibakiza jedwali la wabia. Flying Blue, pamoja na kupanda na kushuka kwake, hutoa punguzo la mwezi kwa njia teule, na mtu asiyefungwa na tarehe hufaidika nalo sana.

Ukiona bei inayokufaa, kata. Tiketi iliyokwisha kutolewa haiguswi na bei mpya. Pointi zilizobaki kwenye akaunti ndizo zinazoguswa. Soma kwanza masharti ya kufuta: mipango kadhaa inarudisha pointi bila makato au kwa ada ndogo, na hapo unaweza kukata mapema, bei ikishuka ukafuta na kukata upya. Jihadhari na kubadilisha tarehe baada ya bei kupanda, maana mabadiliko huweza kukokotolewa kwa bei mpya.

Hatua ya 7: Tangazo likija, tulia usome tarehe

Tafuta jambo moja: bei mpya inahesabiwa kwa siku ya kukata tiketi au siku ya kusafiri? Kama ni siku ya kukata, una dirisha la kukata kwa bei ya zamani safari za miezi mingi ijayo. Mashirika mengi hufungua viti takriban miezi 11 kabla. Kama hakuna muda wa notisi, usikimbilie kuzimaliza. Kubadilisha pointi kwa vocha, vifaa vya jikoni au majarida karibu kila mara hukupa thamani duni kuliko tiketi, hata baada ya bei kupanda. Fanya hesabu ya hatua ya 3 kwanza.

Kisha lalamika, kwa maandishi na kwa upole. Septemba 2023 Delta ilitangaza masharti makali ya kupata hadhi (daraja la uanachama lenye upendeleo) na kuingia kwenye kumbi zake za mapumziko. Wasafiri walipiga kelele, mkurugenzi mkuu Ed Bastian akakiri hadharani kwamba wamevuka mpaka, na mwezi uliofuata shirika likalegeza baadhi yake. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyataka American, Delta, Southwest na United yatoe maelezo kuhusu mipango yao, yakiwemo kushuka kwa thamani ya pointi. Malalamiko yenye tarehe na picha za skrini, zile za hatua ya 4, yana uzito kuliko hasira tupu.

Hatua ya 8: Badilisha namna unavyokusanya

Mashirika mengi yamehama kutoka kuhesabu umbali kwenda kuhesabu fedha. British Airways ilifanya hivyo kwa hadhi ya wanachama wake Aprili 2025. Anayesafiri kwa tiketi za bei nafuu anapata kidogo, na kulipa zaidi ili tu ubaki na shirika moja kunaweza kukugharimu kuliko faida yote ya pointi. Kama safari zako ni chache kwa mwaka, ushauri wangu ni huu: kata tiketi nzuri kwa bei nzuri bila kujali shirika, na kwa matumizi ya kila siku chukua kadi inayorudisha fedha taslimu, kama ipo. Kama unaruka mara kwa mara, endelea kukusanya, lakini jiwekee kikomo: salio likitosha safari moja unayoitaka pamoja na akiba kidogo ya bei kupanda, acha kukusanya na anza kutafuta kiti. Ukishakikata, futa safari hiyo kwenye orodha yako ya vipimo, weka nyingine mahali pake, na uandike bei ya leo kwenye mstari wa kwanza.