Kuchagua riveti na bolti za kichwa kifupi kwa mabamba membamba ya alumini

Mwongozo huu ni kwa fundi anayeunganisha mabamba ya alumini yenye unene wa milimita 1 hadi 1.5, kama yale ya fremu za wavu wa mbu zinazoteleza ndani ya reli ya dirisha, ambako kichwa kinachotokeza hukwama.

Hatua ya kwanza, kabla ya kwenda soko la Darajani, Unguja, kununua chochote, ni kupima unene wa mabamba yote mawili yakiwa yamebanwa pamoja, kisha mwanya uliopo juu yake. Bolti ya M3 (yenye kipenyo cha milimita 3) yenye kichwa cha silinda huchukua milimita 3 za mwanya huo, na ile ya kichwa cha mviringo kilicholala huchukua 1.65. Riveti ya kuvuta (pini yenye msumari wa kati unaovutwa kwa koleo la riveti hadi ukatike) ya kipenyo cha milimita 3.2 huchukua takriban milimita 1, na ndiyo maana mimi huanza na riveti.

Hatua ya pili ni kujizuia na kichwa cha kuzama, ambacho wengi hukipenda kwa sababu hulingana na uso wa bamba. Kichwa hicho kwenye M3 kina kina cha karibu milimita 1.7; kwenye bamba la milimita 1, keekee ya kupanulia tundu hutokeza upande wa pili, mdomo wa tundu hubaki mwembamba kama wembe, na upepo ukilitikisa bamba, huchanika. Shimo la koni lisizidi thuluthi mbili za unene wa bamba.

Hatua ya tatu ni madini yenyewe, na kwetu visiwani Zanzibar hii ndiyo nzito kuliko zote, hasa kwa nyumba zinazotazama bahari kama za Nungwi au Wete. Alumini ikigusana na shaba au chuma cha pua penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni alumini. Bolti ndogo ya chuma cha pua kwenye bamba kubwa huvumilika, mradi uitenge kwa washa ya nailoni. Shaba iepuke kabisa. Tahadhari pia na riveti za alumini zenye msumari wa chuma, kwani kipande chake hubaki ndani na kushika kutu. Ijaribu kwa sumaku dukani: msumari wa alumini haunati.

Kwa riveti ya 3.2, toboa tundu la 3.3, angalau milimita 7 kutoka ukingoni, na uondoe vinyweleo vya alumini (makali yanayobaki baada ya kutoboa) pande zote mbili, la sivyo riveti itavimba katikati ya mabamba badala ya kuyabana. Usikate hesi (mizunguko ya kushika bolti) kwenye bamba la milimita 1, kwa kuwa hesi za M3 zitakazoingia ni mbili tu. Panapohitaji kufunguliwa, tumia nati ya riveti, yaani nati inayobanwa kwenye tundu kama riveti na kupokea bolti.

Mwisho, vuta riveti moja kwenye vipande viwili vya mabaki. Msumari ukikatika huku umetokeza juu ya kichwa, riveti hiyo ni ndefu mno kwa unene wako. Rudi uchukue fupi zaidi.