Kabla hujahamishia laini yako kwenye eSIM

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja dukani kwangu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ameshika iPhone 14 inayong'aa, na laini yake kaifunga kwenye pindo la leso. Simu katumiwa na kaka yake aliyeko Marekani. Nilipoitazama ubavuni nikaona mikwaruzo. Alikuwa ameizungusha kila upande akitafuta pa kuchomekea laini, na alipokosa akajaribu na hereni.

"Kaka, hii wamesahau kuitoboa," akaniambia.

Hawakusahau. Tangu iPhone 14 itoke mwaka 2022, iPhone mpya zinazouzwa Marekani hazina sehemu ya kuweka laini. Zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi, inayopakuliwa kwa intaneti na kukaa kwenye chipu iliyochomelewa kwenye bodi ya simu. Na wale mnaoagiza Dubai msicheke: iPhone 17 ya mwaka 2025 imetoka hivyo hivyo kwa Falme za Kiarabu, Saudia, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain.

Nilimwelekeza dada aende kwenye ofisi ya mtandao wake na namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Lakini kwanza nilimkalisha kwenye kigoda nikamweleza haya ninayoyaandika hapa, maana mimi niliyajua nikiwa Guangzhou, China, mzigo umeshafungwa na hela haitoki.

Kwanza ijue simu yenyewe

Bonyeza *#06#. Ukiona IMEI (namba ya utambulisho wa simu) peke yake, tarakimu 15, basi hapo hakuna eSIM. Ukiona na mstari ulioandikwa EID (namba ya ile chipu ya eSIM) wenye tarakimu 32, ipo. Fanya hivyo mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, kwa sababu jina la simu halikwambii kitu. iPhone ile ile ukiikuta imetengenezwa kwa soko la China bara, kwa kawaida inachukua kadi mbili za plastiki na haina eSIM hata moja. Nyingi za Hong Kong ni hivyo pia. Kariakoo zote zinapangwa kabati moja.

Simu za kutoka Marekani zina ugonjwa mwingine: baadhi zimefungwa kwenye mtandao zilikonunuliwa, hivyo hata EID ikiwepo laini yako haitasoma. Kwenye iPhone ingia Settings, General, kisha About, ushuke mpaka palipoandikwa Carrier Lock. Pakisema "No SIM restrictions", nunua. Pakisema kingine chochote, rudisha simu kwa mwenyewe na usisikilize habari za "fundi atafungua".

Kwa wenye Samsung za laini mbili na eSIM: haziwaki zote tatu kwa pamoja. Ukiwasha eSIM, kadi moja inalala. Kila wiki naletewa simu "tundu la pili limekufa" kumbe mtu kawasha eSIM mwenyewe.

Yaliyonikuta Guangzhou

Laini yangu kuu, yenye pesa zangu na iliyounganishwa na benki, niliihamishia eSIM kwa sababu moja ya kijinga: nilitaka tundu libaki wazi niweke laini ya China. Nikasafiri. Siku ya tatu, hotelini Xiaobei, simu ikaniponyoka ikapiga vigae vya bafuni uso kwa uso. Kioo kikawa cheusi.

Simu ilikuwa hai. Nilikuwa nimeshaanza kulipia mzigo, na benki inatuma namba za uthibitisho kwa SMS. Basi simu inatetemeka pale mezani, mrr, mrr, najua kabisa ni zile namba, na sioni hata moja. Mwenzangu tuliyesafiri naye akatoa kitochi chake mfukoni: "Chomoa laini uweke huku." Nikamtazama. Nichomoe nini?

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kadi ya plastiki ukiharibikiwa na simu unaichomoa, unaipachika kwenye kitochi cha jirani, unasoma ujumbe wako, maisha yanaendelea. eSIM inafungwa ndani pamoja na simu.

Saa kumi jioni ya Guangzhou, ambayo ni saa tano asubuhi Dar, nikapiga huduma kwa wateja kwa WhatsApp ya mwenzangu. Kijana akanijibu kwa adabu sana: "Mzee wangu, fika ofisi yetu yoyote, tutahitaji alama ya kidole." Mama watoto akajitolea aende yeye na kitambulisho changu. Haikuwezekana, kidole si chake. Laini zetu Tanzania zimesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na kuzirudisha ni kwa kidole hicho hicho. Sheria nzuri, inawazuia wezi wasikubebee laini. Ila siku hiyo ilinizuia mimi.

Nilichofanya ndicho ninachokushauri likikukuta: tengeneza kioo, usiguse kingine. Nilimtafuta fundi wa mtaani, nikamwandikia kwa programu ya tafsiri kwenye simu ya mwenzangu maneno matatu: kioo tu, bodi usiguse, usifute chochote. Fundi akibadilisha bodi, ile chipu inaondoka na EID yake, na laini inaondoka nayo. Akiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani na akakubali kufuta eSIM, imekwenda pia. Ilichukua dakika arobaini na yuan 400. Simu ikawaka, laini ikasoma, na namba za benki nikazikuta zimejipanga, zote zimekwisha muda.

Tangu siku hiyo laini ya pesa ni ya plastiki, inalala kwenye kitochi. eSIM nimeiachia kazi ya intaneti ya safari, na kwa kazi hiyo naisifu bila kusita. Kama simu yako haina tundu kabisa, kama ile ya dada, basi kabla ya safari uwe na njia nyingine ya benki kukuthibitisha, na beba fedha taslimu za kutosha siku mbili tatu.

Ukibadilisha simu

Kosa ninaloliona sana ni la mpangilio. Mtu ananunua simu mpya, anaifuta ya zamani vizuri apate bei nzuri, anaikabidhi, kisha ndio anauliza, "Sasa laini naihamishaje?" Imeshafutika, bwana.

Simu ya zamani ibaki mkononi mwako, inawaka, mpaka ya mpya ipige na kupokea, ipokee SMS ya benki, na menyu ya pesa ifunguke. Jaribu kuangalia salio kabisa, usiridhike na vistari vya mtandao. Baada ya hapo ndipo unaifuta, na hapo uchague kufuta na eSIM, maana iPhone na Android zinakuuliza, usije ukamuuzia mtu simu na laini yako ndani.

Zile QR, picha za miraba za kusoma kwa kamera, ulizopewa na mtandao wako mwanzoni usizitegemee. Nyingi zinafanya kazi mara moja tu, ukiisoma tena kwenye simu mpya inakwambia imekwishatumika. Kuna simu zinazohamishiana eSIM zenyewe zikiwekwa karibu karibu, lakini mpaka mtandao wako uwe umeruhusu. Uliza kwanza. Na QR ambayo haijatumika ni funguo: usimtumie mtu picha yake, hata anayejiita wakala.

Usibadilishe simu ukiwa nje ya nchi. Najua Deira, Dubai, bei zinavutia, na muuzaji atakubali kuichukua ya zamani juu ya ile mpya. Nunua, ifunge kwenye boksi, uje uihamie Dar. WhatsApp ya simu mpya nayo itataka namba ya uthibitisho kwenye laini ile ile ambayo bado iko kwenye simu unayotaka kumwachia Mwarabu.

eSIM ya safari

Unainunua mtandaoni, unalipa kwa kadi, unaletewa QR. Ipakue nyumbani kwenye waifai iliyotulia, siyo ukifika. Sababu ya wazi ni kwamba kuipakua kunataka intaneti, na ukitua huna. Sababu isiyo wazi: mwaka 2025 Uturuki ilifungia tovuti za wauzaji kadhaa wa eSIM za safari, hivyo anayekwenda Istanbul kuchukua nguo akisubiri mpaka atue anaweza kukuta mlango umefungwa. Ila soma masharti, siku zinaanza kuhesabiwa lini. Nyingine zinaanza ukishika mtandao wa kule, nyingine pale pale unapopakua. Hizo za pili zipakue usiku wa kuamkia safari.

QR ikija kwenye simu ile ile unayotaka kuiweka, kamera haiwezi kujipiga yenyewe. Ifungue kwenye simu ya mtu mwingine, au iPhone yako ikiwa na iOS 17.4 kwenda juu, gandamiza kidole juu ya hiyo picha itakupa njia ya kuiongeza. Ikishindikana, yapo maandishi ya kujaza kwa mkono. Kwenye Android kwa kawaida yanaanza na LPA. Polepole, sifuri na herufi O zinafanana.

Sasa suala linalowachanganya wengi: romingi ya data, yaani laini kutumia intaneti ya mtandao wa nchi nyingine. Kwenye laini ya nyumbani izime, tena izime leo. Kwenye eSIM ya safari iwashe, kwa kuwa nyingi ni za kampuni ya nchi nyingine inayotembelea mtandao wa kule, na bila romingi utaona vistari vimejaa na intaneti haipo. Kisha uchague kwamba data inatoka kwenye eSIM hiyo, na kwenye iPhone uzime kile kitufe cha Allow Cellular Data Switching. Ukikiacha na romingi ya laini ya nyumbani ikawa imewashwa, eSIM ikiyumba simu inaweza kurukia laini ya nyumbani kimya kimya, ukashangaa vocha imekwenda wapi. iPhone ina tabia nyingine: ukiweka laini mpya inatuma SMS ya kimataifa yenyewe kuisajili iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple. Shilingi zako hizo.

Na intaneti isipokuja, usifute eSIM ili uiweke upya. Mwenzangu wa kitochi alifanya hivyo uwanja wa ndege wa Dubai. QR ikagoma mara ya pili, akanunua nyingine kwa bei ile ile. Zima na kuwasha simu, angalia romingi, kwenye Android angalia kama APN (mpangilio wa simu kuingia intaneti) imejazwa sawa na ilivyo kwenye barua pepe ya muuzaji. Kwa kawaida ugonjwa uko hapo.

Karibu zote ni za data tu. Hazina namba, hazipokei SMS. Ndiyo maana akaunti za WeChat na Alipay, programu za Wachina za kuchati na kulipia, zifungue ukiwa Dar, na laini ya nyumbani ibaki inawaka kwa ajili ya ujumbe, data yake ikiwa imezimwa. Mtandao wako ukitaka romingi ya ujumbe iwashwe kwao kwanza, iwashe kabla hujaondoka. WhatsApp ikikuuliza kama unahamia namba mpya, mwambie hapana.

Kwa wanaokwenda China kuna faida moja kubwa. Laini ya pale inapita kwenye mtandao wao, WhatsApp na Google hazifunguki. eSIM ya romingi inatokea nje ya China, kwa hiyo WhatsApp inakwenda kama uko Kariakoo. Mimi siku hizi sinunui kabisa laini ya pale.

Yule dada alirudi baada ya siku mbili, laini inasoma, salio linaonekana. Alitaka kava. Nikamchagulia lenye kingo nene, likafunika mikwaruzo ya hereni.