Kuna Hii Si Kuna Ile: Namna ya Kuchunguza Asili ya Neno Fupi

Wiki yangu ya kwanza Tartu, Estonia, nilipita chini ya bango lenye neno RAHA kwa herufi kubwa. Mtoto wa Tanga mimi, nikasema nimefika. Kumbe kwa Kiestonia, na kwa Kifini pia, raha ni pesa. Tangu hapo neno fupi silipokei mpaka nilihoji.

Chukua kuna. Kwetu ukisema "kuna nazi" sijui unanipa habari au unanikalisha kwenye mbuzi. Mkroatia yeye anamwona mnyama mdogo wa ukoo wa kicheche, mwenye manyoya ya thamani, au anaikumbuka sarafu ya kwao kabla ya euro kuingia mwaka 2023. Mwestonia anasikia "kwa kuwa": Kuna sajab vihma, jään koju, yaani kwa kuwa mvua inanyesha, nabaki nyumbani.

Anza kwa kuwatafuta ndugu. Kuna ya Kikroatia inao kunitsa wa Kirusi na kiaunė wa Kilithuania, mnyama yuleyule. Ya Kiestonia ndugu zake ni kus (wapi), kunas (lini) na kun ya Kifini (wakati, -po-). Koo mbili hizo, hazijaoana.

Halafu pima sauti, na hapa usiwe na haraka. Maneno kufanana si ushahidi. Ushahidi ni tofauti inayojirudia. Samaki kwa Kifini ni kala, kwa Kihungaria, ndugu wa mbali wa Kifini na Kiestonia, hal. Tatu ni kolme, kule három. K ya Kifini mwanzoni mwa neno, mbele ya a, o au u, inakuwa h Hungaria, tena na tena. Basi ndugu wa kus huko usimtafute penye k: ni hol, nayo maana yake ni wapi.

Maana ichunguze mwisho, maana hudanganya. Waslavi wa kale walilipana kwa manyoya ya kuna, hata yakatozwa kama kodi, jina la mnyama likahamia kwenye fedha. Raha nayo Wafini na Waestonia waliipata kwa wasemaji wa lugha za kale za ukoo wa Kijerumani, ikiwa na maana ya ngozi yenye manyoya. Lugha mbali mbali, biashara moja.

Fedha taslimu hapa huitwa sularaha. Sula ni kitu kilichoyeyuka. Yangu huyeyuka kabla ya tarehe 20.