Namna ya Kumtumaini Mungu Unapofanya Uamuzi

Kabla ya kukubali kazi, mkopo au posa, liandike jambo lenyewe daftarini kwa sentensi moja, kisha usome Mithali 3:5-6 polepole, ukizingatia kwamba aya hizo hazikatazi kufikiri bali zinakataza kuzitegemea akili zako mwenyewe. Meli kubwa inapokaribia bandari ya Kilindini, Mombasa, nahodha humpokea rubani wa bandari anayejua jinsi njia ya meli inavyopinda kati ya miamba. Nahodha hasinzii, ila hufuata maelekezo hata pale macho yake yanapomwambia kwamba maji ya mbele ni salama. Omba kwa namna hiyo: taja unachokitaka, taja unachokiogopa, halafu unyamaze kwa muda. (Mimi hufanya hivyo nikisubiri feri Likoni, ingawa pana kelele.) Jambo likipingana waziwazi na Maandiko, liache, huhitaji ishara nyingine. Lisipopingana, mshirikishe mzee wa kanisa asiyenufaika na uamuzi wako, na umwepuke yeyote anayedai malipo ili akutolee unabii. Ukipata utulivu, chukua hatua ndogo inayoweza kurekebishwa, kisha ulirudie daftari baada ya juma moja.