Mwalimu, kadi yako ya benki usimuachie mtu

Walimu wenzangu wa Dar, hii mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa mno, inatumaliza jamani. Mwaka juzi nilimsindikiza rafiki yangu kwa mkopeshaji mmoja Mbagala, jamaa akavuta droo, mle ndani kadi za benki zimefungwa rababendi, kila moja namba ya siri imeandikwa kwa peni nyuma. Mshahara ukiingia anayetangulia ATM ni yeye, mwalimu anapewa chenji.

Kwa hiyo kabla hujasaini mwambie akuoneshe leseni, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kukopesha bila leseni ni kosa, halafu uliza riba kwa mwezi ni ngapi, Benki Kuu (BoT) iliweka ukomo wa asilimia 3.5, akikwambia 20 au 30 nyanyuka uondoke hata kama ada ya mtoto inakubana. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Kadi na namba ya siri haviwi dhamana, kamwe.

Zile apu za simu nazo, Novemba 2024 BoT ilitaja 69 zisizo na leseni, ukiziruhusu zione namba za watu kwenye simu yako zinamtumia mpaka mwalimu mkuu meseji za kukuaibisha. Akipiga mtu anajiita afisa utumishi, eti tuma hela upandishwe daraja, kata simu, iripoti namba yake kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa meseji kwenda 15040.

Umeshakwama? Nenda benki wafunge kadi upewe mpya, deni lipa kwa risiti, na dharura ijayo anzia saccos ya walimu, yaani chama chao cha akiba na mikopo.